Nukta ya Uingereza au ya Marekani? Ulinganisho kwa anayeandika Kiingereza Arusha na Moshi

Anayeandika Kiingereza kwa ajili ya kazi Arusha au Moshi hana msomaji wa aina moja. Asubuhi anaweza kumjibu wakala wa safari aliyeko Chicago, mchana akatuma ankara kwa familia ya Manchester inayotaka kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na jioni mwanawe aliye kidato cha pili akamletea daftari lililojaa wino mwekundu wa mwalimu. Wote hao wanasoma Kiingereza, lakini nukta na mikato wanayoitarajia si ile ile. Vijana wanaoniletea ratiba za safari nizipitie kabla hazijatumwa kwa wageni huniuliza swali moja mara kwa mara: tufuate alama za Uingereza au za Marekani? Zamani nilikuwa nikijibu "za Uingereza" bila kufikiri, kwa kuwa ndizo nilizofundishwa. Siku hizi jibu langu limerefuka, na ndilo ninaloliandika hapa.

Tuanze kwa kuyaona maneno yale yale katika mavazi mawili. Barua ni fupi, ya ofisi ya utalii kwa mgeni anayekuja kupanda mlima.

Kwa desturi ya Uingereza:

Dear Mr Brown,
You will start from Machame Gate on 3 April 2026. You will often hear the words 'pole pole', and you should obey them. Please bring gloves, warm socks and a torch.

Kwa desturi ya Marekani:

Dear Mr. Brown:
You will start from Machame Gate on April 3, 2026. You will often hear the words "pole pole," and you should obey them. Please bring gloves, warm socks, and a flashlight.

Ukiacha neno la tochi, ambalo ni suala la msamiati, tofauti za uandishi ni sita. Mmarekani huweka nukta baada ya kifupisho cha Bwana, Mwingereza haiweki kwa sababu herufi ya mwisho ya neno zima bado ipo. Mmarekani katika barua rasmi humaliza salamu kwa nukta mbili, Mwingereza kwa mkato. Tarehe hugeuka, siku ikitangulia kwa mmoja na mwezi kwa mwingine. Alama za kunukuu ni moja moja huku, mbili mbili kule. Mkato unaofuata maneno yaliyonukuliwa hukaa nje kwa Mwingereza na ndani kwa Mmarekani. Na katika orodha ya vitu vitatu, Mmarekani huongeza mkato kabla ya neno la kuunganisha kitu cha mwisho. Tofauti hizi hazilingani uzito. Baadhi yake msomaji hatazigundua kabisa, na moja inaweza kuigharimu ofisi fedha.

Tarehe

Inayogharimu fedha ni tarehe, hasa ikiandikwa kwa tarakimu tupu. Mgeni wa Marekani akiandika 6/5 anakusudia tarehe 5 Juni, ilhali sisi, tuliorithi utaratibu wa Waingereza, tunasoma tarehe 6 Mei. Nilikuwapo ofisini siku dereva mmoja alipopiga simu kutoka uwanja wa ndege wa KIA akisema ameshika kibao chenye jina la mgeni hadi abiria wa mwisho akatoka, wala mgeni hakuonekana. Tulipoufungua tena ujumbe wa mgeni tuliona kwamba alikuwa hajakosea kitu: aliandika kama wanavyoandika kwao, nasi tukasoma kama tunavyosoma kwetu. Bahati nzuri kosa lilituwahisha badala ya kutuchelewesha, kwa maana tungekuwa tumekwenda mwezi mmoja baada ya kufika kwake, ingekuwa habari nyingine.

Hapa sioni haja ya kuchagua kati ya desturi hizo mbili. Mwezi uandikwe kwa neno lake. "3 April 2026" na "April 3, 2026" zote zinaeleweka Chicago na Manchester, na anayeandika moja kati ya hizo hatamkosesha mtu ndege. Mwandishi anayefuata Marekani akumbuke tu kwamba tarehe ya namna hiyo ikiwa katikati ya sentensi, mkato mwingine hufuata mwaka, jambo ambalo wengi wetu hulisahau.

Saa nazo zina tofauti ndogo: 7.30 ni desturi ya zamani ya Uingereza, 7:30 ni ya Marekani, na hii ya pili inaeleweka popote. Tatizo letu la saa halimo katika nukta bali katika kuhesabu kwenyewe, kwani mpishi akisema chai saa moja, anayeandika ratiba hujisahau akaandika 1:00, na mgeni akashangaa kupewa kifungua kinywa baada ya chakula cha mchana.

Alama za kunukuu na ng'ombe wetu

Kuhusu alama za kunukuu nina maoni ambayo sijayakuta katika vitabu vya sarufi vya Waingereza, pengine kwa sababu wao hawana ng'. Kiswahili, na lugha nyingi za huku kwetu, hutumia ritifaa kama sehemu ya sauti. Mwandishi anayetaka kumtajia mgeni kijiji cha Ng'iresi, kilichopo katika miteremko ya Mlima Meru, akikizungushia alama moja moja anapata 'Ng'iresi', na msomaji asiyekijua hudhani kwamba nukuu imefungwa baada ya herufi mbili. Kwa alama mbili mbili, "Ng'iresi" husomeka bila shida. Isitoshe, alama mbili mbili si mali ya Marekani peke yake: vitabu vingi vya Kiswahili huzitumia, na hata Uingereza magazeti kadhaa, The Guardian likiwamo, huzitumia kila siku. Kwa hiyo mtu anaweza kufuata Uingereza katika mengine yote na bado akachagua alama mbili mbili bila kuonekana amechanganya.

Mahali pa kuweka mkato na nukta ndipo penye mgawanyiko wa kweli. Kanuni ya Marekani ni rahisi kuishika: nukta na mkato huingia ndani ya alama za kunukuu daima, hata kama havikuwa sehemu ya maneno yaliyonukuliwa, ilhali nukta-mkato na nukta mbili hubaki nje. Kanuni ya Uingereza inadai mwandishi ajiulize kila mara kama alama hiyo ni ya msemaji au ni yake yeye anayemnukuu. Kiulizi huamuliwa kwa maana katika desturi zote mbili. Mwanafunzi anayetaka kanuni asiyohitaji kuifikiria ataipenda ya Marekani. Mimi napenda ya Uingereza, maana inamzoeza mtu kutenganisha maneno yake na ya wengine, na zoezi hilo lina faida kubwa kuliko usumbufu wake.

Mkato mmoja wa dola milioni tano

Mkato wa mwisho katika orodha, ambao Waingereza wenyewe huuita mkato wa Oxford kwa sababu matbaa ya chuo kikuu hicho huutumia ingawa wenzao wengi hawautumii, ndio uliowahi kufikishwa mahakamani. Sheria ya kazi ya jimbo la Maine, nchini Marekani, iliwanyima malipo ya muda wa ziada wafanyakazi wa shughuli kadhaa za vyakula vinavyoharibika, na orodha ya shughuli hizo ilimalizika kwa maneno "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai kwamba, kwa kuwa mkato haupo, maneno hayo yanataja kazi moja tu, yaani kufungasha, iwe ni kwa kusafirisha au kwa kusambaza; na wao husambaza, hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ilikubali kwamba sheria hiyo ina utata, ikauamua utata huo kwa faida ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5.

Kisa hicho hupendwa na watetezi wa mkato huo, nami ni mmoja wao, lakini nisingependa kumdanganya mwanafunzi kwamba alama hiyo huondoa kila utata. Tuchukue mgeni aliyeshuka mlimani na kuandika katika kitabu cha wageni: "I thank my guides, Juma and Neema." Je, Juma na Neema ndio waongozaji wenyewe, au ni watu wengine wawili wanaoshukuriwa pamoja nao? Ukiongeza mkato baada ya Juma, inakuwa wazi kwamba ni watu wengine. Sasa badili waongozaji wawe mmoja: "I thank my guide, Juma, and Neema." Hapa mkato ule ule umeleta utata ambao haukuwapo, kwani Juma anaweza kuwa ndiye mwongozaji. Mwandishi makini huacha kubishana na mkato, akaipanga upya sentensi: "I thank Juma, Neema and my guide." Hata hivyo, katika mikataba, bei na orodha za vitu vinavyolipiwa, mkato wa mwisho huokoa mara nyingi zaidi kuliko unavyoharibu, na kwa sababu hiyo namshauri hata anayefuata Uingereza auazime.

Mizigo yenye kilo zaidi ya 20

Jambo la pili ninaloliazima kutoka Marekani ni matumizi ya "that" na "which", na hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo Kiswahili chetu kinapotupotosha bila sisi kujua. Kiswahili kina kirejeshi kinachobeba maana mbili kwa umbo moja. Tukisema "mizigo inayozidi kilo 20 itabaki Moshi", msikilizaji huelewa kutokana na mazingira kama mizigo yote imezidi au ni baadhi tu. Kiingereza huziachia alama kazi hiyo:

The bags that weigh more than 20 kilograms will stay in Moshi.
The bags, which weigh more than 20 kilograms, will stay in Moshi.

Sentensi ya kwanza inachambua: mizigo mizito itabaki, mingine itapanda mlima. Ya pili inasema kwamba mizigo yote imezidi kilo 20 na yote itabaki. Mgeni anayeisoma ya pili ana haki ya kuuliza atalala na nini kambini. Waandishi wengi wa Marekani hutumia "that" bila mkato kwa kuchambua na "which" yenye mikato kwa kuongeza habari. Waingereza huruhusu "which" kwa kazi zote mbili, wakitegemea mikato peke yake. Kwa mtu aliyezaliwa na lugha hiyo uhuru wa Uingereza hauna madhara, kwa kuwa sikio lake humwonya. Kwa mwanafunzi anayesahau mkato mmoja kati ya kila mitatu, ni afadhali neno lenyewe nalo lisaidie kuonyesha maana. Kwa watu, ambapo "who" hutumika kwa kazi zote mbili, hakuna msaada huo, na mikato hubeba mzigo wote: "The porters, who were tired, slept" inasema wagumu, yaani wapagazi, wote walikuwa wamechoka, na ukiondoa mikato miwili unabaki na waliochoka tu.

Pale ambapo London na New York hawabishani

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote halimo katika ulinganisho huo hata kidogo, kwa maana desturi zote mbili zinalikataa kwa sauti moja: kuunganisha sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu. Chanzo chake si uvivu wa wanafunzi wetu. Kiswahili kina -ka-, silabi ndogo inayofanya kazi ambayo Kiingereza huikabidhi kwa kiunganishi. "Tulifika getini, tukajiandikisha, tukaanza kupanda" ni Kiswahili safi, na mkato unatosha kwa sababu -ka- imekwisha kuvifunga vitendo hivyo kimoja baada ya kingine. Mwandishi akihamisha mikato na kuiacha -ka- nyuma, maana Kiingereza hakina pa kuiweka, hupata "We reached the gate, we registered, we started to climb", na msomaji wa Kiingereza huona vipande vitatu visivyofungwa na kamba yoyote. Tiba yake ni nyepesi: mtendaji atajwe mara moja na kiunganishi kirudi, "We reached the gate, registered and started to climb."

Watendaji wakiwa tofauti, kuna njia nne za kuchagua, nazo zastahili kuwekwa pamoja:

The rain stopped. We continued.
The rain stopped; we continued.
The rain stopped, so we continued.
When the rain stopped, we continued.

Njia ya kwanza haina hatari yoyote, ila kurasa mbili za sentensi za namna hiyo husomeka kama orodha ya dukani. Ya pili hutumia nukta-mkato, alama iliyoanza kuchapwa Venice mwishoni mwa karne ya 15 katika karakana ya Aldus Manutius. Inasema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, lakini humwachia msomaji kazi ya kujua yanahusiana vipi. Ya tatu inataja sababu. Ya nne inataja wakati, na inaonyesha pia lipi ni jambo kuu na lipi limetangulia tu. Kwa ratiba za safari na barua za ofisini ninaichagua ya nne, kisha ya tatu, na nukta-mkato ninawaomba vijana waiache hadi waizoee kwa kusoma. Palipo na "however" tu ndipo inapokuwa vigumu kuikwepa. Kwa kuwa sisi husema "barabara ilikuwa mbaya, hata hivyo tulifika", tunaandika "The road was bad, however we arrived", ambayo ni makosa Uingereza na Marekani pia. Ama iwe "The road was bad; however, we arrived", ama nukta iwekwe kabla ya "However", ama, lililo bora kuliko yote, itumike "but" na mjadala uishe.

Kuna na ndugu yake. Kiswahili hupenda jozi ya "ingawa" na "lakini", mmoja akifungua mlango na mwingine akiufunga. Kiingereza hukubali mmoja tu kati yao. "Although it was cold, but we slept" lazima ipoteze "although" au "but", na ikipoteza "but", mkato ubaki.

Ritifaa nitaipita haraka. Kwetu ni sauti. Kwao ni umiliki au herufi iliyodondoshwa, wala haitengenezi wingi. Vibao vinavyotangaza "Safari's" na "Photo's" vimeipamba ritifaa mahali ambapo haina kazi. Na "it's" ni kifupi cha "it is" au "it has", kamwe si "-ake".

Nani achague ipi

Mwanafunzi wa sekondari achague Uingereza bila kusita. Shule zetu zilirithi Kiingereza hicho, walimu wake wanakitumia, na kumwongezea desturi ya pili mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na masomo yote kwa Kiingereza kidato cha kwanza, ni kumtwika mzigo usio wake. Anayetafuta kazi katika taasisi za Arusha achague hiyo hiyo: ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, iliitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiingereza cha mkataba huo ni cha mkondo wa Uingereza.

Ofisi ya utalii ambayo wageni wake wengi ni Wamarekani inaweza kuandika Kimarekani, mradi kila mtu ofisini afanye hivyo na tovuti yake pia. Kinachomchosha msomaji ni ratiba iliyoanza na "3 April" ikamalizika na "April 9", kwa sababu siku tatu za mwanzo ziliandikwa na mtu mmoja na zilizobaki na mwingine. Mara nyingi mkosaji ni kompyuta: nyingi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani, zikapigia mstari mwekundu "colour" na "kilometre", na mwandishi, akidhani amekosea, hubadilisha nusu ya maneno na kuacha nusu. Lugha ya kompyuta ibadilishwe siku hiyo hiyo ofisi inapoamua.

Ofisi yenye wageni wa kila upande, na ndizo nyingi kati ya Arusha na Moshi, ningeishauri ifuate Uingereza pamoja na alama mbili mbili za kunukuu, mkato wa mwisho katika orodha, "that" kwa kuchambua, na mwezi kwa neno. Mzungu wa upande wowote hatajikwaa.

Daktari wa Moshi anayepeleka makala ya utafiti katika jarida la nje hana uchaguzi wa kufanya. Kila jarida lina mwongozo wake kwa waandishi, na mengine yana vituko vyake: The Lancet la London huinua hata nukta ya desimali ikae katikati ya mstari, hivi: 0·05. Atakayeandika 0.05 atasahihishwa na mhariri, lakini sentensi yenye mkato mtupu kati ya matokeo mawili itarudishwa kwake aieleze upya.